Jalada Likichelewa, Tuuchunguze Mfumo Kabla ya Karani

Katika mafunzo ya wakuu wa vitengo tunayoyaendesha Chake Chake, huanza kwa kuweka mezani ndoo ya maharage, ambamo kwa kila manne meupe kuna moja jekundu. Washiriki huchota kwa zamu, macho yakiwa yamefungwa, kwa kikombe cha kahawa kinachoingia maharage 50, na sharti ni moja tu, kwamba jekundu halitakiwi. Mmoja hutoka na mekundu sita, mwengine kumi na matatu. Nami, nikijifanya mkurugenzi, humsifu wa mwanzo mbele ya wenzake na kumwandikia wa pili barua ya onyo. Duru ya pili, mara nyingi aliyesifiwa huchota mekundu zaidi na aliyeonywa hupungukiwa, na wakuu hucheka mpaka mmoja wao anapokumbuka tathmini za watumishi alizozijaza wiki iliyopita.

Zoezi hili lilipata umaarufu kwa W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani, ambaye mwaka 1950 alialikwa Japani kuwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda namna ya kudhibiti ubora. Yeye alitumia shanga, na hoja yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa kabisa ya kasoro za kazini, ambayo aliikadiria kuwa asilimia 94, hutokana na mfumo, na mfumo hupangwa na uongozi. Kabla yake, mwaka 1924, mtakwimu mwenzake Walter Shewhart alikuwa amechora chati ya kutenganisha mabadiliko ya kawaida ya kazi na yale yenye sababu maalumu.

Mpemba anayeanika karafuu anaielewa tofauti hiyo bila ya chati. Anajua kuwa kilo tatu hivi za mbichi zitampa kilo moja ya kavu, wala hamuulizi mtu zile mbili zimekwenda wapi. Lakini siku karafuu zikivunda jamvini, hapo atataka kujua nani alichelewa kuzianua mvua ilipokuja. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akikabidhiwa ofisi huanza kuzidai zile kilo mbili.

Chati yenyewe haihitaji kompyuta. Chukua majalada 20 yaliyofuatana, uandike kila moja lilichukua siku ngapi, kisha utafute wastani. Tafuta pia tofauti ya siku baina ya kila jalada na lililolifuata, pamoja na wastani wa tofauti hizo, na huo uuzidishe kwa 2.66, namba isiyobadilika ya chati hii. Jawabu ukilijumlisha na wastani wa siku utapata mpaka wa juu, na ukilitoa utapata wa chini. Wastani ukiwa siku 9 na ule wa tofauti siku 2, mipaka ni takriban siku 4 na siku 14. Jalada la siku 13 basi halistahili kikao cha nidhamu, kwa sababu ni zao la kawaida la ofisi ile, na mkuu akilichukia inambidi aipange upya kazi yenyewe. Lile la siku 20 ndilo la kuulizia kisa chake.

Ofisi moja niliyoisaidia ilifanya hivyo. Jalada pekee lililovuka mpaka lilikuwa la wiki ambayo mtia saini alikuwa safarini Unguja, naye hakumwachia mtu madaraka. Mengine yote yalichelewa kwa kiasi kile kile, kwa sababu kila barua ilisajiliwa mara mbili, masijala na tena kwa katibu muhtasi, halafu ikapita meza tatu zilizokuwa zikiandika neno moja tu, "Imeonwa". Daftari la pili liliondolewa pamoja na meza mbili, na siku zikapungua bila ya mtu kuhimizwa. Karani wa masijala aliyekuwa amekwisha kuonywa mara mbili kwa uzembe yupo pale pale hadi leo, na barua zile za onyo bado zimo katika jalada lake binafsi.