Moto Ukishazimwa: Dhana Potofu Kuhusu Vitabu Adimu Vilivyoungua

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 2020, Kampala iliamka na kukuta jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, lile la mnara mweupe lililojengwa 1941, limeteketea paa. Hadi leo, ukikaa kwenye steji ya bodaboda pale Wandegeya, hutakosa wa kukuambia kwamba maktaba ya Makerere iliungua siku ile. Haikuungua. Maktaba kuu ina jengo lake, na vitabu vyake vya kale havikuguswa na moto huo. Lakini mazungumzo hayo yakikolea, watu huanza kueleza jinsi kitabu kilichoungua kinavyookolewa, na hapo ndipo ninapotamani kuingilia kati.

"Kitabu kikishashika moto, kimekwisha."

Karatasi moja huwaka mara moja. Kitabu kilichofungwa na kubanwa rafuni ni habari nyingine: hewa haipenyi kati ya kurasa, hivyo moto hula mgongo, gamba na kingo, na mara nyingi maandishi ya katikati hubaki yakisomeka. Miswada ya kale ya Kiingereza iliyonusurika moto wa maktaba ya Cotton, London, mwaka 1731, kingo zimebabuka, bado inasomwa na watafiti leo.

"Adui ni moto."

Moto ukishazimwa, adui ni maji yaliyouzima. Maktaba kuu ya Los Angeles ilipoungua 1986, vitabu kama 400,000 viliteketea, lakini vingine 700,000 hivi viliharibiwa na moshi na maji. Maktaba ya Weimar, Ujerumani, ilipoungua mwaka 2004, ilikuwa hivyo hivyo: vilivyoharibika vibaya na kubaki mikononi mwa wakutubi vilikuwa vingi kuliko vilivyogeuka majivu. Kitabu kilicholowa huvimba hadi kupasua gamba. Karatasi zile za kung'aa zikikaukia pamoja hugandana, huzibandui tena. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 48 hadi 72, na kwa joto na mvua za Kampala mimi nisingethubutu kuzisubiri saa hizo.

"Vianikwe juani."

Hili ndilo nalisikia zaidi, na silishangai, maana kwetu jua hukausha kila kitu, kuanzia kahawa hadi mukene, yaani dagaa. Kitabu hakitaki hivyo. Jua hukausha nje na kuacha ndani kumelowa. Karatasi hukunjamana, gamba la ngozi husinyaa na kukakamaa, wino hupauka. Vikiwa vichache na vimelowa kidogo tu, visimamishe wima kivulini, kurasa zimeachana, feni ipulize chumbani bila kuvielekea.

Vikiwa maelfu, vigandishwe. Ndiyo, kwenye friza. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri ukungu husimama, na badala ya siku mbili mkutubi hupata miezi ya kupanga kazi. Vile vya Los Angeles vilihifadhiwa kwenye maghala ya baridi ya vyakula. Baadaye huingizwa kwenye chemba iliyoondolewa hewa, barafu ikageuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kwa hiyo wino hautambai. Uganda tuna viwanda vya samaki kandokando ya Ziwa Viktoria vyenye vyumba vya baridi vya kutosha. Maktaba yenye akili ingefanya makubaliano navyo leo, kabla ya ajali. Unaogopa harufu ya sangara? Kila kitabu hufungwa kwenye plastiki.

"Masizi hufutwa kwa kitambaa kibichi."

Masizi yana mafuta, na maji huyasukuma ndani ya nyuzi za karatasi. Hutumika sponji kavu ya mpira: unapangusa taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mwelekeo mmoja tu, bila kusugua. Uso wa sponji ukiwa mweusi, unaukata na kuutupa. Ukingo uliobabuka usiunyanyue kwa vidole, utabaki na vipande. Penyeza karatasi ngumu chini yake kwanza.

"Selotepu itashika."

Itashika, kisha gundi yake itageuka njano na kupenya karatasini. Wataalamu huziba kwa karatasi nyembamba sana ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao ukilowanishwa hubanduka.

"Fundi hodari hukirudisha kikawa kipya."

Hilo si lengo. Ukipunguza kingo nyeusi kwa mkasi ili kipendeze, unaweza kuondoka na maandishi ya pembeni aliyoyaacha msomaji wa zamani.

"Vinyunyizio vya darini vitalowesha maktaba nzima."

Hiyo ni ya kwenye filamu. Katika mfumo wa kawaida kila kichwa cha kunyunyizia maji hufunguka peke yake, joto la pale kilipo likifika nyuzi 68 hivi, na vingine hubaki vimefungwa. Maji yake ni machache mno kuliko ya mpira wa zimamoto unaoingizwa dirishani.