Lehemu imepanda? Dada, wewe ni mjamzito

Mwezi uliopita alikuwa mtu wa nne kunijia na karatasi ya lehemu, yaani kolesteroli ya damu. Dada wa Nkuhungu, hapa Dodoma, mimba ya wiki 31, akafungua fundo la khanga akatoa karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Kwenye mstari wa lehemu palikuwa na 6.8, pembeni herufi H na mshale wa kwenda juu, na mtu kauzungushia mshale huo kalamu nyekundu. Hakuja kwa sababu ya kuvimba miguu wala kuumwa kichwa. Alikuja kwa sababu ya mshale.

"Nimeacha mayai, nimeacha maziwa na nyama. Hata mlenda napikiwa bila karanga."

Mlenda bila karanga! Huku huku Ugogo? Nikamuuliza amri hiyo katoa nani. Wa maabara kasema "punguza mafuta", mume kakazia, wifi kamalizia. Nikafungua kadi yake ya kliniki: wingi wa damu 9.4, wakati mjamzito akiwa chini ya 11 tunasema ana upungufu wa damu. Huo mstari hakuna aliyeuzungushia kalamu.

Mimi ni mtu wa lishe, kazi yangu ni kuongea, lakini hili la lehemu limenichosha kulisema mtu mmoja mmoja. Basi nalijibu hapa, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia.

"Lehemu ya mjamzito ikipanda, aache vyakula vya mafuta"

Mashine ya maabara haijui kama una mimba. Inalinganisha damu yako na ya mtu mzima asiye na mimba, ambaye lehemu yake tunataka isizidi 5.2 (kwa kipimo cha mmol/L). Vipimo vya wajawazito wenye afya vinaonyesha kuwa miezi mitatu ya mwisho lehemu ya kawaida ni kati ya 5.7 na 9.0. Trigliseridi, yale mafuta mengine yanayoandikwa chini yake, huwa kati ya 1.5 na 5.1, na kwa mtu asiye na mimba tukiona zaidi ya 1.7 tunaanza kumsema. Kwa hiyo yule dada na 6.8 yake yumo ndani ya mstari kabisa. Angeniletea 4.5 kwa wiki ile ndipo ningemtazama mara mbili.

Inapanda kwa nini? Nusu ya kwanza ya mimba mwili unaweka akiba ya mafuta. Nusu ya pili homoni za kondo la nyuma zinaamuru akiba ifunguliwe: mama atumie mafuta kama kuni zake, sukari imwachie mtoto. Lehemu yenyewe ni malighafi. Kondo la nyuma linaitumia kutengeneza projesteroni, homoni inayoishikilia mimba, na mtoto anaihitaji kujenga kuta za kila seli, ubongo ukiwa wa kwanza kwenye foleni. Msimu wa mahindi ukipita Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, unakuta magunia yamejaa hadi kando ya barabara. Husemi ghala limepasuka. Mali inahamishwa tu, ina pa kwenda.

Ndiyo maana kipimo cha mafuta hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito. Atakayetaka kujua lehemu yake asubiri angalau wiki 6 baada ya kujifungua, na akivuta mpaka miezi mitatu ni bora zaidi.

Wapo wa kuangaliwa, sikatai. Mwenye lehemu ya kurithi kwenye ukoo, aliyekuwa anatumia dawa za kuishusha kabla ya mimba (hizo kwa kawaida husimamishwa, na daktari ndiye anayeamua, si duka la dawa), mwenye kisukari, na yule ambaye trigliseridi zake zimevuka 11. Hapo kongosho linaweza kuvimba, na hiyo ni dharura ya hospitali. Ila wote hao kwa pamoja ni wachache mno ukilinganisha na wanaonijia na karatasi zao.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma hasa, yaani vile walivyoacha kula. Vitamini B12 haipo kwenye mlenda, haipo kwenye maharage, haipo kwenye mtama wala uwele. Inatoka kwa wanyama tu: maziwa, mayai, nyama, samaki, dagaa. Mjamzito anahitaji mikrogramu 2.6 kwa siku. Glasi moja ya maziwa ina kama 1.1, yai moja lina kama nusu mikrogramu. Glasi mbili za maziwa na yai, siku imeisha. Ukiviondoa vyote kwa hofu ya mshale unabaki na sahani ya ugali na mboga ambayo kwa B12 ni sifuri, na B12 ndiyo inayofanya kazi pamoja na foleti (vitamini B9, ya vidonge huitwa asidi ya foliki) kutengeneza chembe nyekundu za damu na mishipa ya fahamu ya mtoto. Yai pia lina kolini, ndugu wa karibu wa vitamini B, ambayo ubongo wa mtoto unaila kwa kasi miezi hiyo hiyo ya mwisho. Lehemu ya yai, kwa upande wake, inagusa kidogo sana lehemu ya damu, kwa sababu nyingi inatengenezwa na ini lako mwenyewe.

Tena ngoja niwape jambo la kuchekesha kidogo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulikuta kwamba mama mwenye B12 ndogo, damu ya kitovu cha mtoto wake ilikuwa na upungufu wa HDL, ile lehemu tunayoiita nzuri. Haithibitishi kwamba moja linasababisha lingine. Lakini fikiria: mtu anaacha mayai na maziwa ili aweke mafuta ya damu sawa, kumbe huenda anaelekea upande wa pili.

Bibi zetu walituzuia mayai tukiwa na mimba, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Tumehangaika miaka kuiondoa hiyo, ikaisha, sasa yai limerudi kifungoni kwa kosa jipya, na safari hii lina hati ya maabara.

Nilimwambia yule dada arudishe karanga kwenye mlenda leo hii hii. Yai moja kila siku, la kuchemsha au la kukaanga kwa mafuta kidogo, nisiulizwe tena. Maziwa jioni. Dagaa mara mbili tatu kwa wiki, na wala si lazima wawe wengi. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki yanatosha; yana vitamini A nyingi, kwa hiyo si ya kila siku. FEFO, vile vidonge vya damu vyenye chuma na foliki, ameze kila usiku, maana alikiri anameza "siku nikikumbuka". Kama kuna cha kupunguza, kipo: chipsi na maandazi ya mafuta yaliyokaangiwa mpaka yakawa meusi, soda, na chai ya vijiko vinne vya sukari, kwa sababu trigliseridi zinapandishwa na sukari kuliko watu wanavyodhani. Amerudi juzi, damu 10.2. Akauliza kama apime tena lehemu. Nikamwambia hela hiyo akanunue trei ya mayai.

"Vidonge vya damu ni vya tumbo likishaonekana"

Hapana, na hapa ndipo tunapochelewa wote. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo unafunga siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Hesabu vizuri: siku ya 28 wengi ndio kwanza wanajiuliza mbona hedhi imechelewa. Usipofunga sawasawa mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Asidi ya foliki inapunguza hatari hiyo kama ilikuwepo mwilini kabla, kwa hiyo anayepanga kubeba mimba aanze mikrogramu 400 kwa siku angalau mwezi mmoja kabla. Anayefika kliniki mwezi wa nne bado tunampa, kwa ajili ya damu, lakini ule mfereji umeshamaliza shughuli zake zamani.

Unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani unatakiwa uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Kanuni za Tanzania zinasema hivyo. Sembe unayosaga kwenye mashine ya mtaani haina, na hapa kwetu wengi ndiko tunakosaga.

Na jambo moja ambalo hata baadhi ya wauza dawa hulisahau: kidonge cha foliki cha miligramu 5, kile kidogo cha njano, kinapunguza nguvu ya SP ya kukinga malaria. FEFO ina mikrogramu 400 tu, hiyo haina shida na SP. Kama umenunua cha miligramu 5 dukani bila kuandikiwa, kilete tukione.

"FEFO inanenepesha mtoto, utaishia kupasuliwa"

Kidonge kina madini chuma miligramu 60 na hiyo foliki. Hakina wanga, hakina mafuta, hakina kitu cha kunenepesha. Mtoto anakuwa mkubwa kupita kiasi mara nyingi kwa sababu ya sukari ya mama. Choo kuwa cheusi ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Kichefuchefu kikizidi, meza usiku ukienda kulala, usimezee chai.

"Vitamini B inayeyusha mafuta mwilini"

Hii imetoka kwa niasini, yaani B3, ambayo kweli kwa dozi kubwa ya gramu nzima hushusha mafuta ya damu. Mjamzito anahitaji miligramu 18 tu. Majaribio mawili makubwa, yaliyotoka 2011 na 2014, yalikuta kuwaongezea niasini wagonjwa wa moyo ambao tayari wanatumia dawa za lehemu hakukuwapunguzia mishtuko ya moyo. Kwa mwenye mimba hata mjadala haupo. Karanga za Dodoma zina niasini ya kutosha.

B6 tunaitumia kwa kichefuchefu cha mwanzo, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, kwa kuandikiwa. Zile chupa za dozi kubwa ukizimeza miezi na miezi zinaleta ganzi mikononi na miguuni, halafu mtu anakuja kuomba B6 zaidi kwa ajili ya ganzi.

"Mlenda mkavu ni ule ule wa mbichi"

Kwa madini, karibu. Kwa foleti, hapana. Foleti inauawa na jua, moto na maji. Majani yaliyoanikwa juani siku nne, yakasagwa, yakachemshwa tena nusu saa, yameshapoteza sehemu kubwa ya foleti yake. Anika kivulini penye upepo, funika kwa kitambaa chepesi. Mbichi zikiwepo msimu wa mvua zipikwe dakika chache na maji yake yasimwagwe. Kiangazi tegemea kunde, choroko na maharage. Hizo hazihitaji mvua ya jana.

"Rozela inaongeza damu"

Ni nyekundu, basi. Ina vitamini C inayosaidia chuma cha mboga kufyonzwa, na ubuyu unafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ndogo. B12 haimo hata tone. Na anayekunywa rozela huku anatafuna udongo wa kula kila baada ya chakula, udongo unakamata chuma tumboni kabla damu haijakiona.