Corvette kwa macho ya fundi faiba

Ukiniuliza kwa nini Corvette, gari la michezo la Chevrolet, chapa ya kampuni ya Kimarekani General Motors, ina sura iliyo nayo, sitaanza na injini. Nitaanza na faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha, na kwa sababu bila faiba gari hili huenda lisingefika barabarani kabisa.

Januari 1953 General Motors waliweka gari la maonyesho katika hoteli ya Waldorf Astoria, New York. Aliyelisimamia ni Harley Earl, mkuu wa idara yao ya usanifu. Watu walilipenda, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huohuo magari ya kuuza yalikuwa yameanza kutoka Flint, Michigan. Hapo ndipo nyenzo iliposaidia. Bodi ya bati inahitaji kalibu nzito za chuma za kukandamizia kila kipande. Zinachukua muda mrefu kuchongwa, na gharama yake hairudi mpaka uuze magari maelfu kwa maelfu. Kalibu ya faiba unaitengeneza haraka na kwa fedha kidogo. Ubaya wake ni kwamba kila kipande kinakula muda wa mafundi, kwa hiyo faiba inakulipa ukitengeneza magari machache na inakukaba ukitaka mengi. Mwaka ule yalitoka 300 tu, yote meupe na viti vyekundu, mengi ya kazi ikiwa ya mikono.

Ukilitazama kwa karibu utaona ni gari la watu waliokuwa na haraka. Mlango hauna kitasa kwa nje. Unaingiza mkono ndani ndipo ufungue. Vioo vya madirisha havipandi wala kushuka, ni mapazia ya kuchomeka. Jambo moja tu linanifurahisha kila nikilifikiria: kwa kuwa faiba haizuii mawimbi ya redio, antena waliifukia ndani ya mfuniko wa buti. Sifa hiyohiyo iliwaletea kero upande wa pili. Bodi ya bati huziba kelele za umeme wa plagi zisiingie kwenye redio, na faiba haizibi kitu, hivyo ikabidi wafunike sehemu za mfumo wa kuwashia kwa vikinga vya chuma. Waya za athi nazo ni lazima zivutwe mpaka kwenye chesisi, maana bodi haipitishi umeme. Fundi wa umeme aliyezoea bati, akikuta Corvette ya zamani, taa zinamchezea mpaka akumbuke hilo.

Nusura gari life mwaka 1955. Ford walileta Thunderbird ya bati yenye V8, yaani injini ya silinda nane, wakauza zaidi ya 16,000, huku Corvette zilizotengenezwa zikiwa 700. Chevrolet nao waliweka V8 mwaka huo, na mhandisi Zora Arkus-Duntov akaanza kulisukuma lielekee kwenye mashindano. Sura mpya ya 1956 ilikuja na vioo vya kupandisha, vitasa vya nje, na lile bonde refu ubavuni nyuma ya gurudumu la mbele, ambalo wengi walilipaka rangi ya pili. Watu huliita pambo. Mimi naona pia akili ya karakana: ubavu mpana wa faiba ulionyooka huonyesha kila wimbi rangi ikishang'aa, na bonde linavunja mng'ao huo na kuukaza ubavu wenyewe. Toleo la 1958, lenye taa nne mbele, chuma cha kung'aa juu ya buti na matundu ya uongo kwenye boneti, silipendi. Hata wenyewe waliondoa matundu na vile vyuma mwaka uliofuata.

Halafu ikaja 1963.

Bill Mitchell alikuwa amemrithi Earl. Alipenda uvuvi wa bahari kuu, na majina aliyoyachagua yanamsema: kwanza nyenga, yaani Sting Ray, baadaye papa. Mstari wa Sting Ray ulitokana na michoro ya kijana Peter Brock na gari la mbio la mwaka 1959, kisha Larry Shinoda akaukamilisha kuwa gari la kuuza. Kuna mkunjo mmoja mkali unaozunguka gari zima kwa urefu wa kiuno, na juu ya kila gurudumu bodi inavimba. Jaribu kutoa mkunjo mkali namna ile kwenye faiba kwa mkono: mkeka wa nyuzi hautaki kukaa kwenye kona, unainuka na kuacha hewa chini yake. Wao walikuwa wameshahamia kukandamiza vipande kati ya kalibu mbili, ndiyo maana kipande halisi cha miaka ile ni laini pande zote mbili. Ukipapasa kwa ndani ukakuta nyuzi zinachoma vidole, ujue kuna mtu alibadilisha kipande hicho.

Ugomvi maarufu ulikuwa juu ya kioo cha nyuma. Mitchell alitaka uti unaoanzia kwenye boneti upite juu ya paa mpaka mkiani, ukikigawa kioo vipande viwili. Duntov alilalamika kwamba dereva haoni nyuma. Mitchell alishinda kwa mwaka mmoja. Sting Ray ya 1964 ina kioo kizima. Wapo wenye magari ya 1963 waliokata uti ule wakaweka kioo kipya, jambo ambalo leo wakusanyaji wa magari ya zamani wanalisikitikia, maana kioo kilichogawanyika ndicho kinacholipandisha bei. Mimi nipo na Mitchell, ingawa silazimiki kurudi nyuma na gari hilo kwenye maegesho. Kasoro ambayo jicho halioni ilikuwa mbele: pua ile nzuri, yenye taa zinazojigeuza na kujificha, hewa iliiinua gari lilipokwenda kasi sana.

Papa, yaani Corvette ya sura mpya, alifika mwaka 1968, kiuno chembamba na mabega makubwa. Kilichoibadilisha sura yake kilitoka kwa serikali. Sheria ya Marekani ilidai bampa zihimili kugongwa kwa maili 5 kwa saa bila taa na vifaa vya usalama kuharibika. Mwaka 1973 bampa ya kromu ya mbele ikaondoka, ikaja pua ya yurethani, plastiki inayobonyea na kurudi. Nyuma ilifuata 1974, ikiwa na vipande viwili na mshono katikati. 1975 ikawa kipande kimoja. Kwa mpaka rangi, haya ni mateso. Yurethani inapinda na faiba haipindi, rangi hazizeeki pamoja, na baada ya miaka michache pua ina weupe wake na boneti ina wake.

Mwaka wa modeli wa 1983 haukuuzwa kabisa. Yalitengenezwa magari machache ya majaribio, na limebaki moja, lipo kwenye makumbusho ya Corvette huko Bowling Green, Kentucky. Toleo la 1984 wengi huliona la kawaida, lakini fundi faiba hulivulia kofia: boneti na madigadi ni mfuniko mmoja unaofunguka pamoja, na maungio ya bodi yamefichwa chini ya utepe mweusi unaolizunguka gari. Kabla ya hapo mishono ya gundi ilijazwa na kusuguliwa, na joto la jua likaja kuichora upya juu ya rangi.

Mwaka 1997 giaboksi ilihamishiwa nyuma, na makalio yakapanuka. Sakafu yake ni mbao nyepesi ya balsa katikati ya ngozi mbili za kompoziti (nyuzi zilizoshikwa na resini, kama faiba), ujenzi ambao mtu wa boti anaufahamu vizuri. Mwaka 2005 taa zilitoka mafichoni kwa mara ya kwanza tangu 1962.

Mwaka 2020 injini yenyewe ilihamia nyuma ya dereva, kama Duntov alivyokuwa akitaka tangu miaka ya 1960. Boneti ndefu ikaisha, na hili pia ndilo toleo la kwanza kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Bodi bado ni kompoziti. Malalamiko yangu ni mkia: ni mrefu na mzito, na chanzo ni buti. Nyuma ya injini waliacha nafasi ya mifuko miwili ya gofu, au ya paa lenyewe ukishalivua. Ferrari hawalazimiki kubeba mifuko hiyo, ndiyo maana mgongo wa gari lao unashuka mapema.