Homoni Imefika. Je, Seli Imesikia?

Kliniki yetu ya magonjwa ya homoni haipiti muda mrefu bila mtu kuingia akisema, "Daktari, homoni zangu zimevurugika." Wengine wameshatumia unga na chai za "kusawazisha homoni" walizouziwa mtandaoni, na wengi wana karatasi ya maabara mkononi. Nawaelewa. Mwili ukianza kubadilika bila sababu inayoonekana, mtu hutafuta jina la kuushika ugonjwa wake. Shida ni kwamba jina hilo linatufanya tuitazame damu peke yake, wakati damu ni njia tu ya kupitia. Seli inayopokea ndiyo inayoamua kitakachotokea, na magonjwa mengi ninayoyatibu yako upande huo.

Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu yenyewe haimwambii mtu afanye nini. Kila anayeisikia anajua nafasi yake: huyu anakimbilia mashua, yule anaita watoto ndani. Homoni nayo ni hivyo.

Chukua adrenalini, inayomwagwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Bodaboda ikikukosakosa barabarani, ndani ya sekunde chache moyo unapiga kwa kasi na kwa nguvu, njia za hewa mapafuni zinatanuka, utumbo unapunguza mwendo, na ini linavunja akiba yake ya glaikojeni ili kumwaga glukosi kwenye damu. Mishipa ya damu ya ngozi inabana, ndiyo maana mtu aliyeshtuka hupauka na mikono yake huwa ya baridi. Wakati huohuo mishipa inayolisha misuli ya miguu inatanuka. Zote ni mishipa ya damu, na adrenalini ni ileile.

Kinachotofautiana ni vipokezi. Hivi ni protini zilizopenya utando wa seli, sehemu ikitazama nje na sehemu ikitazama ndani. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, akiwa Georgia nchini Marekani, alipendekeza kwamba vipokezi vya adrenalini ni vya aina mbili, akaziita alfa na beta. Baadaye aina hizo ziligawanywa zaidi. Mishipa ya ngozi ina alfa-1 kwa wingi, moyo una beta-1 hasa, na njia za hewa, pamoja na mishipa inayolisha misuli, zina beta-2. Seli isiyo na kipokezi cha homoni fulani haishtuki hata homoni hiyo ikiwa tele kiasi gani.

Sasa tunafika kwenye swali ninalolipenda kuliko yote. Adrenalini haiingii ndani ya seli ya ini. Inashika kipokezi kwa nje, kisha inaachia na kwenda zake. Habari inafikaje ndani?

Jibu lilipatikana Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1950, kwa watafiti Earl Sutherland na Theodore Rall. Walisaga ini mpaka seli zikapasuka na kuwa uji, wakatia adrenalini. Kimeng'enya kinachovunja glaikojeni kikaamka. Wakauzungusha uji ule kwenye sentrifuji, vipande vizito vikazama, vikiwemo vya utando. Maji yaliyobaki juu bado yalikuwa na kimeng'enya, lakini safari hii adrenalini haikufanya lolote. Kwa hiyo wakachukua vile vipande vya utando peke yake, wakavitilia adrenalini pamoja na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, wakavichemsha, kisha wakamimina majimaji yaliyotoka humo kwenye yale maji ya juu yaliyokataa. Kimeng'enya kikaamka! Utando ulikuwa umetengeneza kitu kidogo kinachostahimili moto, na kitu hicho ndicho kilichobeba habari, bila homoni kuhitajika tena. Ilikuwa AMP ya duara, inayotengenezwa kutokana na ATP. Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Ni jaribio ambalo hoja yake mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata hatua kwa hatua, na bado lilibadilisha tiba nzima.

Baadaye Martin Rodbell na Alfred Gilman, walioshinda Nobel mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya kipokezi na kimeng'enya kinachotengeneza AMP ya duara kuna protini nyingine, tunayoiita protini G. Kipokezi kimoja kikigeuka umbo huamsha protini G kadhaa, na kila kimeng'enya kinachoamshwa hutengeneza molekuli nyingi. Ndiyo sababu homoni kidogo mno kwenye damu inatosha kulitikisa ini zima. Tena AMP ya duara ileile huongeza nguvu ya mpigo wa moyo lakini hulegeza misuli ya njia za hewa, kwa kuwa kila seli ina protini zake za kuipokea.

Kuzima ishara ni muhimu sawa na kuiwasha. Protini G hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, na anayetaka kujua thamani ya jambo hilo aangalie kipindupindu. Sumu ya vimelea wake hubandika kipande cha kemikali kwenye protini G ya seli za utumbo, ikashindwa kujizima. AMP ya duara inajaa, kloridi inatoka kuingia ndani ya utumbo, maji yanaifuata, na mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza zaidi ya lita 10 kwa siku. Hakuna homoni iliyomwagwa. Seli inatii mwito ambao haukuitwa. Bahati yetu ni kwamba sumu hiyo haigusi protini nyingine inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata huko pia. Sukari iliyomo kwenye ORS, ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Bila hiyo, chumvi isingeingia vizuri.

Seli hai nayo hujilinda dhidi ya kuitwa mno. Salbutamoli, dawa ya kuvuta ya wenye pumu, hushika vipokezi vya beta-2 kama adrenalini na kufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Ikitumiwa mfululizo, seli huvizuia baadhi ya vipokezi visifanye kazi na vingine huvimeza ndani. Dawa za steroidi ziko tofauti kabisa: zinapenya utando, zinakutana na kipokezi ndani ya seli, zinaingia kwenye kiini na kubadilisha jeni zipi zisomwe. Kazi hiyo huchukua saa na siku. Wagonjwa huiacha steroidi ya kuvuta wakisema haifanyi kazi, wanabaki na salbutamoli kwa kuwa wanaihisi, na inaniuma sana kwa sababu steroidi ndiyo inayotuliza uvimbe wenyewe. Tafadhali usiiache bila kuongea na daktari wako.

Kuna watu waliozaliwa na kromosomu X na Y, wenye testosteroni ya kutosha kabisa kwenye damu, ambao miili yao kwa nje ilikua ya kike kwa sababu kipokezi cha testosteroni hakifanyi kazi. Ukipima damu peke yake huwezi kuwaelewa.

Kisukari cha aina ya pili ni mfano tunaokutana nao kila siku. Insulini inaposhika kipokezi chake kwenye seli ya msuli, mlolongo wa protini ndani ya seli husukuma wapitishaji wa glukosi, waitwao GLUT4, hadi kwenye utando, na sukari huingia. Katika ugonjwa huu mlolongo huo unadhoofika, mara nyingi katika hatua zinazofuata baada ya kipokezi. Kongosho hujibu kwa kuongeza insulini, kwa hiyo miaka ya mwanzo insulini inaweza kuwa juu kuliko kawaida huku sukari nayo ikipanda. Lakini msuli unaofanya kazi una njia yake: kujikunja kwenyewe hupeleka GLUT4 kwenye utando bila kusubiri insulini. Ndiyo maana ninapomwambia mgonjwa atembee baada ya kula, ninampa tiba.

Kwa hiyo ukiniletea kiwango cha insulini kilichopimwa peke yake, nitakuuliza sukari ilikuwa ngapi saa ileile. Ukiniletea TSH ya juu, yaani homoni inayoiamuru tezi ya shingoni ifanye kazi, nitataka kuona T4, homoni ya tezi hiyo yenyewe, kabla ya kusema neno.