Mkufu wako ukiwekwa rehani

Kazi yangu ni kuthamini mali inayoletwa rehani, na lalamiko ninalolisikia kuliko yote ni kwamba tunatoa pesa kiduchu. Ni kweli, ni kiduchu. Ila wateja wengi hawaumii hapo.

Tuanze na hicho kiduchu kinavyopatikana. Umeleta mkufu wa gramu 10 wenye mhuri wa 750, yaani karati 18: katika kila sehemu 1,000, dhahabu ni 750, nyingine ni fedha au shaba. Mhuri siuamini, yeyote mwenye kifaa anaweza kuugonga. Nausugua mkufu kwenye jiwe jeusi la kupimia, unaacha mstari wa njano, kisha nadondoshea tindikali ya karati hiyo. Mstari ukibaki, sawa. Ukififia, dhahabu ni hafifu kuliko ilivyoandikwa. Kipande kinene nakikwangua kwanza kwa tupa, maana kilichopakwa dhahabu juu juu kinaweza kulihadaa jiwe. Kukipima majini peke yake hakutoshi, kwa sababu tungsteni, metali nyingine kabisa, ina uzito unaokaribiana mno na wa dhahabu kwa ujazo uleule.

Mkufu ukifaulu, nahesabu gramu 7.5 za dhahabu safi, bei ya kuyeyusha. Ufundi wa sonara na kumbukumbu ya marehemu mama yako havimo kwenye hesabu yangu, samahani. Na hata hiyo thamani sikukopeshi yote, kwani bei inaweza kushuka kabla ya siku ya kukomboa. Simu hupata pungufu zaidi. Inazeeka ikiwa kabatini.

Sasa, kwa kawaida ukishindwa kulipa rehani, deni linaishia kwenye kitu chenyewe. Hakuna wa kukufuata nyumbani, unachopoteza ni kitu chako. Ndiyo maana nawashangaa wanaobishana niwaongezee mpaka mwisho wakati shida yao ni ya nusu ya pesa hizo. Mkopo mdogo ndio unaokombolewa.

Maumivu yapo kwenye kuongeza muda. Tuseme umekopa 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Muda umefika, huna 110, unalipa 10 ili usogezewe mwezi mmoja. Mwezi ujao vivyo hivyo. Baada ya miezi 10 umeshatoa 100, mkufu bado umo kabatini na 100 ya mwanzo inakudai kama ulivyoikopa jana. Huenda tangazo lisikuandikie asilimia 120 kwa mwaka, ingawa ndiyo hiyo.

Ugomvi wa riba hii ni wa zamani. Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, wa Perugia, Italia, walianzisha nyumba ya rehani kwa ajili ya maskini mwaka 1462, na nyumba kama hizo zikabishaniwa kanisani hadi Papa Leo X alipoziruhusu mwaka 1515 kutoza kiasi cha kulipia gharama tu, bila faida. Kutunza mali ya watu kweli kuna gharama, lakini si ya asilimia 120.

Kabla hujasaini, uliza kitu kikiuzwa kwa bei inayozidi deni, ziada ni ya nani. Sheria nyingine humrudishia mwenye mali, nyingine humwachia mwenye duka. Kisha soma maelezo kwenye stakabadhi. Ikiwa imeandikwa "mkufu wa njano" tu, irudishe mezani waandike karati na gramu.