Dume la ng'ombe linavunjikaje mahali pasipo na mfupa?

Juzi kati mfugaji mmoja wa huku Nachingwea kanipigia simu, "Dokta, dume langu limevunjika uume." Kijana wetu wa fildi alikuwa pembeni akacheka sana, sasa huyu mzee vipi, ng'ombe ana mfupa kule? Kweli hana, mbwa ndo anao. Ila mzee yuko sahihi, hata sisi wa mifugo tunaita hivyo hivyo, kuvunjika.

Kinachovunjika utakiona machinjioni. Omba wakukatie uume wa dume kwa upana, kama unavyokata muhogo. Wengi wanategemea kukuta nyama laini na damu, kumbe ni ganda jeupe, nene, linakataa kisu, na katikati pana kijisehemu tu chenye vitundu kama sponji. Ganda hilo linaitwa tunika albujinea, ni tishu unganishi, yani nyuzi za kolajeni zimebanana, ni hizo hizo zinazotengeneza kano za miguu. Punda yeye ganda lake jembamba na sponji kubwa ndo maana wake ukijaa damu unarefuka na kunenepa, wa ng'ombe haunenepi kihivyo, muda wote umejikunja kama herufi S nyuma ya korodani, misuli inayoushika ikilegea S inanyooka unatoka nje, ni hivyo hivyo kwa mbuzi na kondoo.

Sasa kwanini unasimama wima bila mfupa? Chukua gunia la korosho, lile la nyuzi, msimu ukiisha yamejaa kila nyumba. Livute kufuata uzi, haliendi popote. Livute kona kwa kona, linalegea na kurefuka. Mwili wa mnyoo nyuzi zake zimekaa kimshazari, kona kwa kona, ndo maana anajipinda anavyotaka. Mmarekani mmoja, Diane Kelly, alitegemea kukuta mshazari huo kwenye uume wa armadilo, mnyama wa kwao mwenye magamba, lakini alichochapisha 1997 ni kinyume, nyuzi nyingine zimelala kwa urefu na nyingine zimezunguka kukata zile za kwanza, gunia kabisa, na baadae akakuta hivyo hivyo kwa kobe. Uume ukiwa umelala zile za urefu zimejikunja kunja, damu ikiingia zinanyooka mpaka mwisho, haziendi mbele wala pembeni, basi presha inapanda na kitu kinakuwa gumzo, samahani, kigumu.

Na presha ya dume siyo ya mchezo. Ya kwetu binadamu tukipimwa hospitali 120 inaitwa nzuri, ndani ya uume wa dume anapopanda imeshapimwa ikavuka 14,000 kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu misuli ya chini inakamua damu iliyofungiwa. Hapo mtamba akichepuka ghafla au akaanguka, uume unapinda ukiwa umejaa, ganda linapasuka, mara nyingi kwenye kona ya mbele ya ile S, na damu inamwagika chini ya ngozi. Utaona uvimbe mbele ya korodani.

Hapa ndo wafugaji wetu wa Kilwa, Liwale na huku tunakosana. Jamani lile SIO jipu!! Ukilipasua kwa wembe damu ile iliyoganda inaingia uchafu inageuka usaha, na ulichokuwa unataka kuokoa kimekwenda. Mtenge dume na majike miezi miwili angalau, kamwite mtaalamu akupe dawa ya kuzuia maambukizi, tulia.

Huyo wa mzee tumemtenga, tunasubiri. Ganda linaziba kwa kovu, na kovu nalo ni kolajeni, ila imepangwa hovyo, wakati mwingine inaushika uume na nyama za pembeni. Kwa iyo siku ya kumrudisha kundini simama pembeni uangalie, akipanda mara tatu nne na hakuna kinachotoka nje, huyo mpeleke mnadani.