Depo Moja, Mishahara Tofauti: Ukubwa Kazini Unavyohesabiwa kwa Askari Polisi

Ilikuwa mwezi wa sita, Makambako, baridi imekaza hata askari wamekuja na makoti kwenye kikao chetu cha kuwaelimisha kuhusu mishahara na mafao. Tulikuwa bado hatujamaliza salamu, sajenti mmoja akasimama nyuma. "Huyu mwenzangu tulipita naye depo, chuo cha polisi Moshi, tukaapa siku moja. Leo wote ni masajenti. Mbona mshahara wake umezidi wangu?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mwenzake. Swali hili tunalisikia Mbeya mjini, Tukuyu, Mafinga na Tunduma, na huulizwa kwa uchungu kwa sababu muulizaji ameshaamini kuwa kuna upendeleo. Mara nyingi jibu limo kwenye tarehe.

Miaka ya kazi peke yake hailipwi. Kinacholipwa ni cheo, na kila cheo kina ngazi zake za mshahara. Anayepandishwa cheo huanzia ngazi za chini za cheo kile, kisha nyongeza ya mwaka humsogeza kidogo kidogo. Tuchukue tarakimu za mfano tu, maana viwango halisi hutoka kwa waraka na hubadilika. Tuseme sajenti anaanza na shilingi 900,000 na nyongeza ni 15,000 kwa mwaka. Aliyepata usajenti miaka 4 kabla ya mwenzake atakuwa anapokea 960,000 siku ile mwenzake anaposhonea tepe zake mpya. Cheo kimoja, depo moja, tofauti 60,000 kila mwezi.

Tukumbuke pia kwamba nyongeza hizo za mwaka zilikaa muda mrefu bila kutolewa. Zilirejeshwa mwaka wa fedha 2023/24, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kulitangaza jambo hilo kwenye sherehe za Mei Mosi 2023 mjini Morogoro. Katika miaka ile ya ukame, aliyebahatika kupanda cheo ndiye aliyesogea. Asiyepanda alibaki palepale hata kama alifanya kazi usiku na mchana.

Sasa, nani anatangulia kupanda? Hapo ndipo inapoingia orodha ambayo maofisa utumishi huiita tange, yaani orodha ya watumishi kwa kufuata ukubwa wao kazini. Wengi hudhani mkubwa ni mwenye umri mkubwa au aliyeajiriwa mapema. Kwanza hutazamwa cheo. Wakiwa na cheo kimoja, mkubwa ni aliyetangulia kukipata. Wakiwa wamekipata siku moja, hurudiwa nyuma kwenye cheo kilichopita. Ndiyo maana askari mwenye mvi anampigia saluti mkaguzi msaidizi anayeweza kuwa mwanawe, na hakuna aliyekosewa heshima.

Lakini kuwa juu kwenye tange si tiketi. Cheo kinahitaji nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, fedha kwenye bajeti, nidhamu safi na kozi husika, kama vile mafunzo ya uongozi mdogo kwa wanaokwenda ukoplo na usajenti. Shahada ya chuo kikuu peke yake nayo haimvishi mtu tepe. Kwa maoni yangu mfumo wetu unampa askari sababu ya kujiendeleza, ila unamwadhibu sana yule ambaye karatasi zake hazikutunzwa. Na hapo mimi nina kidonda changu.

Baba yangu alikuwa askari. Tulikulia kota, Iringa, na nyaraka zake zilikaa kwenye tranka la bati chini ya kitanda. Mvua za mwaka mmoja zilivuja, barua ya ajira ya kwanza ikashikana na daftari la deni la dukani. Alipostaafu, ofisi iliyokuwa ikishughulikia mafao yake nayo haikuwa na nakala. Nilikuwa kidato cha pili. Nilimwona akitoka asubuhi na bahasha ya kaki kwapani, akirudi jioni na bahasha ileile. Kazi ninayoifanya leo ilianzia kwenye bahasha ile.

Tarehe hizi zina uzito kwa sababu haziishii kwenye mshahara. Mtumishi wa umma huchangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 5 ya mshahara wake, mwajiri asilimia 15. Posho, ikiwemo ile ya chakula, haimo kwenye hesabu hiyo. Pensheni kamili hupatikana kwa kuchukua miezi uliyochangia, ukagawanya kwa 580, ukazidisha kwa wastani wa mishahara ya miaka 3 bora ndani ya 10 ya mwisho.

Askari aliyechangia miezi 360 na wastani wake ukawa 1,200,000, pensheni yake kamili kabla ya kutoa sehemu ya mkupuo, ile inayolipwa kwa pamoja anapostaafu, ni kama 744,828 kwa mwezi. Akichelewa cheo, wastani ukashuka hadi 1,100,000, anapata kama 682,759. Wastani ukiwa uleule wa kwanza lakini miezi 12 ya mwanzoni haionekani kwenye kumbukumbu, anapata 720,000. Pungufu hilo atalibeba kila mwezi wa uzee wake.

Kwa hiyo fungua hati yako ya mshahara leo, usitazame tu kilichobaki baada ya makato. Tazama cheo kilichoandikwa, kisha hakiki tarehe ya ajira ya kwanza na tarehe ya kuzaliwa kwenye kumbukumbu zako. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo zote, zitolee nakala, nyingine iweke kwa mtu mbali na nyumbani kwako. Ukihamishwa kutoka Chunya kwenda Kyela, hakikisha jalada lako nalo limefika. Usiridhike kwa kuambiwa kwamba lipo njiani.

Yule sajenti wa Makambako alitufuata Mbeya wiki mbili baadaye. Alikuwa amepata barua yake ya ukoplo nyumbani kwa mama yake, ndani ya Biblia. Inasema 2013. Kwenye kumbukumbu za mshahara ukoplo wake unasomeka kuanzia 2015, kwa kuwa barua ilipelekwa kituo alichokuwa ameshahama. Ameandika maombi ya kurekebishiwa na kudai malimbikizo, akaambatanisha nakala. Barua yenyewe aliikunja, akairudisha mfukoni, akafunga kifungo.